Rimu za Land Rover 109: matundu matano peke yake hayatoshi

Swali: Kamwene, fundi. Nina Land Rover Series III 109 ya mwaka 1976, niliachiwa na baba, ipo hapa Makambako. Rimu moja imepasuka kwenye matundu ya nati, mbili zimeliwa na kutu mdomoni, na tyubu zinakatika kwenye valvu kila baada ya wiki chache. Fundi wangu amenipa njia tatu: kuchukua rimu za Land Cruiser zenye matundu matano na kuyapanua kidogo, kununua rimu za aloi za Discovery ya miaka ya 1990, au kuchomelea hizi hizi nilizo nazo. Gari linabeba mbao na viazi, linakwenda Njombe na mara chache Mbeya. Nifuate ipi?

Jibu: Kamwene, ndugu yetu. Usifuate hata moja kati ya hizo tatu. Ya kwanza ni ya hatari, ya tatu ni ya hatari kwa ile rimu iliyopasuka, na ya pili inawezekana ila haifai kwa kazi ya gari lako. Tafuta rimu za chuma za Land Rover wenyewe, ama za 109 nyingine, ama za Defender 110. Za Defender zina sharti moja kuhusu nati, na hilo nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu.

Tuanze na matundu. Kinachoamua kama rimu inaingia si idadi ya matundu, ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi zote, yaani zile boliti zilizotokeza kwenye habu (kitovu cha gurudumu) zinazofungwa nati. Kwa Land Rover zote za Series, Range Rover ya kwanza, Defender na Discovery ya kwanza, duara hilo ni milimita 165.1, yaani inchi 6 na nusu kamili. Kwenye rimu ya matundu matano huwezi kulipima moja kwa moja kwa sababu hakuna tundu linalotazamana na jingine. Pima hivi: weka rula kwenye ukingo wa kushoto wa tundu moja, soma hadi ukingo wa kushoto wa tundu linalofuata. Hapo umepata umbali wa katikati hadi katikati bila kukisia. Zidisha kwa 1.701 upate kipenyo cha duara. Ya kwako lazima isome milimita 97. Kama ni 88, hiyo ni duara la 150, nayo ni Land Cruiser ya toleo la kuanzia mwisho wa 1999 au VX ya 100. Ikisoma 82 ni duara la 139.7, utaikuta kwenye Suzuki Samurai na Vitara za zamani. Ikisoma 70 na nusu ni 120, na hapa angalia sana, maana Discovery ya pili nayo ni Land Rover, ina matundu matano, ila duara lake ni hilo la 120. Muuzaji akikuambia kwa simu "ni ya Discovery, itaingia", mwambie apige picha rula ikiwa juu ya matundu mawili yanayofuatana. Asiposoma 97, msipoteze nauli ya basi.

Sasa zile za Land Cruiser. Tofauti ya 165.1 na 150 inaonekana ndogo, lakini igawe kwa mbili: kila tundu linatakiwa kusogea milimita 7 na nusu kuelekea nje. Fundi akipanua kwa faili au kwa kuchomachoma, tundu linakuwa la yai. Koni ya nati, ile sehemu yake iliyochongoka inayoingia kwenye tundu, inakaa upande mmoja tu, upande wa pili unaelea. Na hapa ni vizuri kuelewa jinsi gurudumu linavyoshikwa, kwa sababu wengi wanadhani stadi ndizo zinazobeba gari. Hazibebi. Nati inapokazwa inavuta stadi kama lastiki, na mvuto huo unabana sahani ya rimu kwenye uso wa habu. Ule msuguano wa chuma kwa chuma ndio unaobeba mzigo na breki. Nati ikikaa nusu, mbano unapungua, rimu inaanza kutembea kidogo kidogo juu ya habu, na hapo stadi zinaanza kupokea kazi isiyo yao. Zinakatika moja, kisha zilizobaki kwa haraka. Kwa gari lenye gunia za viazi linaloshuka kilima, hilo halina utetezi.

Adapta ya kubadili duara kutoka 165.1 kwenda 150 au kwenda matundu sita nayo siipendekezi. Ili nafasi ya stadi mpya na nati za zamani zisigongane, adapta huwa nene, milimita 30 na kuendelea. Gurudumu linatoka nje kwa unene huo kila upande, mzigo unahama kutoka katikati ya beringi, stelingi inakuwa nzito, na kila shimo la barabara linaingia kwenye pini za egemeo la mbele. Mtu anaokoa hela ya rimu, anailipa kwenye beringi.

Kuhusu aloi za Discovery ya kwanza: duara ni lako, kwa hiyo zinaingia kwenye stadi. Matatizo yapo matatu. La kwanza ni upana na ofseti. Rimu yako ya asili ina upana wa inchi 5.5, na kama haijafutika utaona imegongwa 5.50F x 16. Ile ya Discovery ni inchi 7, ofseti 33. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaokaa kwenye habu. Ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani zaidi. Badala ya kuhangaika na hesabu, pima kina cha nyuma. Laza rimu kifudifudi, uso wa nje chini, weka ubao ulionyooka juu ya mdomo wa ndani, kisha pima kutoka ubao hadi uso wa kukalia habu. Ya Discovery itasoma karibu milimita 135. Pima na yako hivyo hivyo. Ile tofauti ndiyo kiasi ambacho mdomo wa ndani utasogea kuelekea springi, na 109 ina springi za vyuma bapa zilizokaa karibu na tairi, si koili kama Discovery. Ukizungusha usukani hadi mwisho, tairi inaweza kula springi au chesisi. Kuna boliti za kuzuia mzunguko wa stelingi unazoweza kuzirefusha, lakini kila ukizirefusha gari linahitaji barabara pana zaidi kugeuka, na 109 tayari inageuka kwa shida.

La pili ni nati. Rimu ya chuma inatumia nati yenye koni. Aloi ya Discovery inatumia nati yenye shingo inayoingia ndani ya tundu, na washa bapa inayokaa juu. Ukifunga aloi kwa nati za koni, koni inachimba aloi laini na baada ya safari chache imelegea. Sahani ya aloi pia ni nene, hivyo stadi za Series zinatokeza kidogo tu. Kanuni ni kwamba nati lazima ishike nyuzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Kwa stadi ya M16×1.5 (unene milimita 16, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5) hiyo ni takriban mizunguko 11 kamili, kwa ile ya inchi 9/16 ni mizunguko 9. Hesabu kwa mkono kuanzia nati inapokamata hadi inapogota. Ikiwa pungufu, acha.

La tatu ni tairi. Aloi hizo kwa kawaida huja na 205R16 au 235/70R16, ambazo kipenyo chake ni karibu milimita 735. Tairi yako ya 7.50-16 ina karibu milimita 806. Gari litashuka chini kwa milimita 35 hivi, mshale wa spidi utaonyesha 80 wakati unatembea 73, na injini itapiga kelele zaidi barabara ya lami. Kubwa kuliko yote ni uzito: 205R16 yenye namba ya mzigo 104 inabeba kilo 900, wakati 7.50R16 yenye namba 112 inabeba kilo 1,120. Kwa mbao mbichi za Njombe tofauti hiyo si ya kuchezea. Wala usiihamishe 7.50 yako kwenye rimu ya inchi 7. Tairi ile ilitengenezwa kwa rimu nyembamba, na ukiitanua mabega yake yanakaa vibaya.

Kwa hiyo turudi kwenye rimu za chuma. Defender 110 za kawaida zilitoka kiwandani na rimu ya 5.50F x 16 na tairi ya 7.50R16, yaani upana na tairi ile ile unayotumia. Defender zilizozeeka bado zipo nyingi huku kwetu kuliko 109, kwa hiyo anzia hapo. Ulizia mafundi wa Mbeya, Iringa, Mafinga na Njombe wanaovunja Defender au wanaozibadilishia rimu za spoti. Mwenye gari akishafunga spoti, zile za chuma hutupwa nyuma ya gereji. Chukua tano za aina moja, si nne, maana spea iliyo juu ya boneti isipolingana haina kazi siku ya pancha.

Sasa lile sharti. Land Rover za Series kwa miaka mingi zilitumia stadi ya inchi 9/16 yenye nyuzi za Kiingereza za BSF. Mwishoni mwa Series III wakahamia stadi ya M16×1.5, na Defender wakaendelea nayo. Gari lako la 1976 lilitoka na zile za inchi, lakini kwa umri wake yawezekana habu moja au mbili zilishabadilishwa. Pima unene wa stadi kwenye magurudumu yote manne kwa venia (kipimo cha kubana): milimita 14.3 ni ya inchi, karibu 16 ni ya M16. Usipime gurudumu moja ukaamua kwa yote.

Kwa nini ninasisitiza? Chukua nati ya M16×1.5 uiweke kwenye stadi ya inchi 9/16. Tundu la ndani la nati hiyo ni milimita 14.4 hivi, stadi ni 14.3. Nati inateleza hadi chini bila kuzungushwa. Mtu akiona haishiki anafunga uzi au bati akidhani nyuzi zimelika. Upande wa pili, nati ya M14×1.5 kutoka Land Cruiser mpya inaonekana kama inakamata kwenye stadi hiyo ya inchi, inaingia kwa ugumu mizunguko miwili, na ukilazimisha kwa bomba inachuna nyuzi za stadi zote. Nati sahihi inaingia kwa vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho kwenye stadi iliyosuguliwa kwa brashi ya waya. Isipoingia kwa vidole, kuna kosa, hata kama fundi ana nguvu.

Kisha kuna koni. Matundu ya rimu ya Defender yametengenezwa kwa nati kubwa ya M16. Nati ndogo ya zamani ya inchi inaweza kukaa ndani mno, ikagusa kwa ukingo tu. Kipimo chake ni rahisi: paka koni ya nati masizi au wino wa kalamu ya kuandikia maboksi, funga kwa mkono hadi igote, ikaze kidogo, kisha ifungue. Kwenye tundu la rimu unatakiwa kuona pete kamili ya rangi, yenye upana wa milimita kadhaa. Ukiona mstari mwembamba kama uzi, au nusu duara, hizo nati hazifai kwa rimu hizo. Hapo una njia mbili. Ama utafute rimu za zamani za 109 zenye matundu ya nati ndogo, ama ubadilishe stadi na nati za habu zote nne ziwe za M16, au uchukue habu nzima kutoka Series III ya mwisho. Kubadilisha stadi ni kazi ya fundi mashine mwenye drili ya meza, siyo ya kugonga nyundo barabarani. Usikubali kuchanganya, mbele za inchi na nyuma za M16, kwa sababu siku ya pancha usiku nati zitabadilishana na hakuna atakayegundua.

Rimu zikifika, usizipake rangi kabla ya kuzikagua. Sugua sehemu ya matundu na mstari ambapo sahani ya katikati inaungana na pete. Paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa ziwe kavu kabisa, kisha pakaza unga wa chaki. Ufa uliomeza mafuta ya taa utayatema na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Nyufa huanzia kwenye matundu ya nati na kuelekea tundu kubwa la katikati. Rimu yenye ufa hapo haichomelewi. Chuma kilichochomelewa kinakuwa kigumu pembeni mwa weldi, na ufa mpya unazaliwa milimita chache kando. Hiyo yako iliyopasuka ikate kwa grainda ili mtu mwingine asiiokote.

Zile mbili zenye kutu mdomoni zinaweza kupona. Sugua hadi chuma cheupe. Kama kutu imeacha vishimo vidogo tu na mdomo bado una unene sawa na sehemu iliyo nzima, paka praima ya kuzuia kutu na rangi mbili nyembamba. Kama mdomo umekuwa mkali kama bati au una meno, basi. Zungusha kila rimu ikiwa imefungwa kwenye habu, jeki chini, na kipande cha waya kimefungwa kikielekea mdomo. Angalia nafasi ya waya inavyobadilika; nikiona zaidi ya milimita 2 kwenda na kurudi siitumii mbele. Na kagua matundu yasiwe yameshakuwa ya yai kwa sababu ya mtu wa zamani aliyeendesha nati zikiwa zimelegea.

Tyubu zinazokatika zina sababu yake, na rimu mpya peke yake hazitaiondoa. Tundu la valvu kwenye rimu huja kwa vipimo viwili vya kawaida, milimita 11.5 na karibu 16. Pima. Ukifunga tyubu ya valvu nyembamba kwenye tundu la 16 bila bushi ya mpira, valvu inacheza, ukingo wa chuma unaikata kwenye shina. Nunua tyubu ya 7.50-16 yenye valvu inayojaza tundu lako, au weka bushi. Sababu nyingine ni upepo mdogo: tairi ikiwa laini inateleza juu ya rimu wakati wa breki na kuvuta tyubu, valvu inabaki imelala upande. Ukiona valvu imeinama, hiyo ndiyo habari yake. Kwa 109 yenye 7.50, weka upepo wa PSI 25 mbele na 36 nyuma likiwa na mzigo. Ndani ya rimu toa kutu yote na paka poda ya kutosha kabla ya kuingiza tyubu. Na kama sahani ya katikati imeshikwa kwa ribiti, usijaribu kuiendesha bila tyubu. Upepo unatokea kwenye ribiti hata rimu ikiwa nzuri.

Ukipaka rangi, acha uso wa kukalia habu na koni za matundu bila rangi nzito. Rangi nene inapondeka chini ya nati, na milimita ndogo iliyopondeka ni mbano uliopotea. Sugua pia uso wa habu na dramu hadi chuma kilale juu ya chuma. Stadi ziwe safi na kavu. Ukizipaka grisi, nguvu ile ile ya mkono inakaza kupita kiasi na kuvuta stadi.

Kwa rimu za chuma za Series, kaza kati ya Nm 100 na 115 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama hakuna spana ya toki, tumia mizani ya kuning'iniza ya kupimia mazao: ifunge kwenye mpini wa spana, sentimita 50 kutoka katikati ya nati, vuta kwa pembe mraba na mpini hadi isome kilo 22. Hapo umefika karibu Nm 108. Kupanda juu ya spana kwa miguu ni kiasi kisichojulikana, na ndicho kinachorefusha stadi. Fuata mpangilio wa nyota, nati ya 1, ya 3, ya 5, ya 2, ya 4, gurudumu likiwa hewani, raundi ya kwanza kwa mkono, ya pili nusu ya nguvu, ya tatu kamili likiwa chini.

Kisha nenda Njombe bila mzigo. Ni kilomita 60 hivi, umbali mzuri wa rimu kukaa mahali pake. Ukifika acha gari lipoe, pima nati zote 20 kwa mizani ile ile, na shika kila dramu kwa nyuma ya mkono. Nati moja iliyosogea robo mzunguko ni kawaida baada ya rangi mpya. Ikisogea tena safari ya kurudi, fungua gurudumu hilo urudie kipimo cha wino kwenye koni kabla ya kupakia gunia la kwanza.